Gia zinalia wakati wa kuingia: namna ya kuchagua oili ya giaboksi ya manyuali

Gia ikilia krrr unapotoka namba mbili kwenda tatu, ushauri wa kwanza gereji huwa "badilisha oili". Wakati mwingine ushauri huo unaokoa pesa nyingi, maana kushusha giaboksi ni kazi kubwa na ringi zake za kulinganisha kasi ya gia si za bei ya kutupa. Wakati mwingine oili mpya ndiyo inayozidisha kelele. Oili ya gia dukani inaombwa kwa namba moja tu, "nipe tisini", na muuzaji anatoa dumu lolote lenye 90. Hiyo 90 ni uzito peke yake. Haikuambii kama oili hiyo inaelewana na ringi zilizomo ndani ya giaboksi yako, na hapo ndipo kelele zinapoanzia au kuishia.

Kinacholia ni nini

Kwenye giaboksi ya kisasa gia za mbele zimeshikana muda wote. Mkono wa gia hausukumi gia yenyewe, unasukuma slivu inayoifunga gia kwenye shafti. Kabla slivu haijafika, inasukuma kwanza ringi ya sinkronaiza, mara nyingi ya brasi, iende kubana kwenye koni ya gia. Ringi ikibana, kasi ya gia na ya shafti zinalingana, kisha meno ya slivu yanapita bila kelele. Ringi isipobana vizuri, meno ya slivu yanagonga meno madogo ya pembeni mwa gia inayozunguka kwa kasi nyingine. Huo ndio mlio unaousikia.

Kwa hiyo ringi ni breki ndogo, na breki iliyopakwa grisi haishiki. Ndani ya ringi kuna mistari myembamba kama ya skurubu, kazi yake ni kukata utando wa oili ili brasi iguse koni. Oili ikiwa nzito mno, mistari hiyo inachelewa kuukata utando. Oili ikiwa na dawa za utelezi kupita kiasi, utando unakatwa lakini ringi inateleza tu juu ya koni. Ndiyo sababu dawa za chupa zinazosifiwa kwa "kupunguza msuguano", zenye molibdeni au tefloni, hazina nafasi kwenye giaboksi yenye sinkronaiza. Hali kadhalika dawa ya difu za LSD, yaani difu zinazozuia tairi moja kuzunguka bure. Zinaweza kulainisha mkono wa gia kwa siku chache huku zikiinyima ringi kile inachokihitaji.

Kabla ya kununua chochote, ipime klachi

Sehemu kubwa ya kelele za gia haitoki kwenye giaboksi kabisa. Klachi isiyoachia vizuri inaendelea kuzungusha shafti ya kuingilia, na hakuna oili itakayolitibu hilo. Vipimo hivi havihitaji kifaa chochote.

Kwanza rivasi. Simamisha gari mahali tambarare, injini ikiwa inaunguruma bila kukanyaga mafuta. Kanyaga klachi mpaka chini, hesabu polepole hadi tano, kisha ingiza rivasi. Giaboksi nyingi hazina sinkronaiza kwenye rivasi, kwa hiyo ni kipimo kizuri. Ikilia ukiingiza papo hapo lakini ikaingia kimya ukisubiri, hiyo ni kawaida: shafti ilikuwa bado inazunguka kwa nguvu yake. Ikilia hata baada ya kusubiri sekunde kumi, klachi haiachii.

Kisha pampu pedali mara mbili tatu haraka na ujaribu tena. Gia ikiingia kwa ulaini baada ya kupampu, mfumo wa hidroliki una hewa, au masta ya juu au ya chini inapitisha. Angalia kiwango cha mafuta ya klachi, funua mpira wa masta ya chini uone kama kuna unyevu, toa hewa. Gari za klachi ya kebo zirekebishwe mchezo wa pedali kwanza.

Zima injini ukapitishe gia zote. Zikiingia zote kwa ulaini injini ikiwa imezimwa na kugoma ikiwashwa, rudi kwenye klachi. Zikigoma hata injini ikiwa imezimwa, tafuta bushi zilizochakaa kwenye mkono wa gia, kebo iliyonyooka vibaya, au fito zilizopinda. Bushi ya plastiki ya bei ndogo imewahi kusababisha giaboksi nyingi zima kushushwa bure.

Ukiwa barabarani, jaribu klachi mara mbili. Ukishuka kutoka tatu kwenda mbili: kanyaga klachi, weka nyutro, achia klachi, gusa mafuta kidogo, kanyaga klachi tena, ingiza mbili. Ikiingia kimya kwa njia hii na kulia kwa njia ya kawaida, klachi ni nzima. Tatizo liko kwenye ringi au kwenye oili.

Sasa sikiliza ni gia ipi na ni wakati gani:

- Gia zote zinakuwa ngumu asubuhi, zikilainika baada ya kilomita tatu nne: oili ni nzito kuliko inavyotakiwa. Hapa oili itasaidia sana.
- Zinalia kiasi kilekile gari likiwa baridi na likiwa la moto, na zilianza baada ya sevisi: oili iliyowekwa ni ya aina isiyofaa. Hapa pia oili itasaidia.
- Inalia gia moja tu, hasa mbili au tatu, kila siku: ringi ya gia hiyo imekwisha au inaelekea kuisha. Oili itapunguza kelele kwa muda, haitairudisha brasi iliyolika.
- Gia zinaingia vizuri lakini kuna mlio wa kuvuma mwendo ukiongezeka: hiyo ni beringi, si sinkronaiza.

Na kabla hujaendelea, fungua nati ya kujazia uone kama oili ipo ya kutosha. Sili ya ekseli au ya nyuma ya giaboksi inaweza kuwa inavuja taratibu kwa mwaka mzima. Kipumuo kikizibwa na tope, presha ya ndani inasukuma oili ipite kwenye sili nzima kabisa.

GL-4 au GL-5

Hizi ni daraja za API, taasisi ya mafuta ya Marekani. GL-5 ilitengenezwa kwa ajili ya gia za difu za haipoidi, ambazo meno yake yanasuguana kwa kuteleza chini ya mzigo mkubwa. Ili meno hayo yasilane, oili inatiwa dawa nyingi za salfa na fosforasi. GL-4 ina dawa za aina hiyo hiyo kwa kiasi kidogo, kwa kawaida kama nusu.

Wengi husikia kwamba GL-5 "inakula brasi". Zamani salfa iliyotumika ilikuwa kali na kweli ilishambulia madini ya njano kama brasi oili ikipata moto. GL-5 za sasa zinapimwa kwa kipande cha shaba ndani ya oili yenye joto, kwa hiyo hofu hiyo imezidi kidogo kimo. Tatizo linalobaki ni la utelezi: dawa za GL-5 zinajenga utando mgumu juu ya chuma na brasi, na ringi inakosa mahali pa kushika. Gari lenye giaboksi ya GL-4 likiwekewa GL-5, mara nyingi linaanza kulia kwenye kupanda gia haraka, hasa moja kwenda mbili. Ukirudisha GL-4 sahihi mapema, kelele hupungua.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kitabu kikisema GL-4, weka GL-4. Kikisema "GL-4 au GL-5", kama vitabu vya Toyota nyingi za zamani zilizojaa barabarani kwetu, na gia zinalia, chagua GL-4. Kikisema GL-5 peke yake, weka GL-5 hata kama gia zinalia, kwa sababu kuna jambo ndani ya nyumba ya giaboksi hiyo linalohitaji ulinzi huo. Mfano ni Subaru ya manyuali yenye fowili muda wote: difu ya mbele ya haipoidi imo ndani ya giaboksi na inatumia oili ileile. Ukiiwekea GL-4 ya kawaida ili kulainisha gia, unaweza kunyamazisha namba mbili na kuiua difu. Gari hilo litafutiwe GL-5 ya sinthetiki 75W-90 ambayo mtengenezaji ameandika wazi kuwa inafaa giaboksi zenye sinkronaiza, si oili ya difu tupu.

Maandishi mengine kwenye dumu yanahitaji tahadhari. "GL-4/GL-5" maana yake ni kwamba oili imetimiza madai ya zote mbili, kwa hiyo kiutelezi mara nyingi iko karibu na GL-5. "GL-4+" si daraja la API hata kidogo, ni jina la kibiashara. "MT-1" ni daraja halali, lakini ni la giaboksi za malori makubwa zisizo na sinkronaiza.

Uzito

Namba yenye W inaeleza tabia ya oili ikiwa baridi, namba ya pili inaeleza ikiwa ya moto. Kwa SAE, chama cha wahandisi wa magari kinachopanga namba hizi, 75W lazima iendelee kutiririka kwa kiwango fulani kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, 80W kwenye 26 chini ya sifuri, 85W kwenye 12 chini ya sifuri. Hakuna anayeendesha kwenye baridi hiyo kati ya Mombasa na Mbeya, lakini tofauti inaonekana hata kwenye nyuzi kumi juu ya sifuri. Asubuhi ya Julai kule Limuru, Makete au Njombe, giaboksi yenye 80W-90 inaweza kukataa namba mbili mpaka ipashe, wakati yenye 75W-90 inaingia kwa ulaini. Dar es Salaam na Lamu utasikia tofauti ndogo tu.

Namba ya pili: 90 ni oili yenye mnato wa sentistoki (kipimo cha uzito wa oili) 13.5 hadi 18.5 kwenye nyuzi 100. Uzito wa 85 ni kati ya 11 na 13.5, na 80 iko chini ya 11. Uzito wa 140 unaanzia 24. Sasa linganisha na oili ya injini: SAE 40 ina 12.5 hadi 16.3. Yaani 15W-40 ya injini na 75W-90 ya gia zinakaribiana uzito zikiwa za moto. Namba zimetofautiana kwa sababu skeli ni mbili, si kwa sababu oili ya gia ni nzito mara mbili.

Mpangilio wa kujaribu, gari likiwa la kawaida na kitabu kikiwa kimesema 75W-90:

Gia ngumu asubuhi na ulikuwa na 80W-90 au 85W-90, nenda 75W-90 GL-4 ya sinthetiki. Kwa wengi safari inaishia hapo. Ikiwa bado ni nzito na kitabu kinaruhusu, shuka hadi 75W-85. 75W-80 ibaki kwa giaboksi zilizoandikiwa hivyo, zikiwemo nyingi za Kifaransa. Kushuka zaidi kwa gari linalobeba mzigo au kuvuta tela si busara, maana utando wa oili kwenye beringi unakuwa mwembamba na utaanza kusikia mvumo.

Kinyume chake ni 85W-140. Hiyo ni oili ya difu za malori. Inaingia kwenye giaboksi ndogo kwa njia mbili: fundi mwenye pipa moja la kila gari, au muuzaji wa gari anayetaka kuficha beringi inayovuma. Ukinunua gari la mkononi ambalo gia ni ngumu kupita kiasi asubuhi lakini giaboksi iko kimya mno, mwaga oili uiangalie kabla hujashangilia.

Kuchanganya 80W-90 na ATF, yaani oili ya giaboksi za otomatiki, ili kuipunguza uzito ni mtindo uliozoeleka, nao una matokeo ya kubahatisha. Hujui uzito uliopata, na hujui dawa za oili mbili zinaelewana vipi. 75W-80 au 75W-85 iliyotengenezwa kiwandani inafanya kazi hiyo kwa uhakika.

Giaboksi zisizotaka oili ya gia kabisa

Hapa ndipo makosa ya gharama yanapotokea. Honda za manyuali zinatumia MTF yao, oili maalumu ya giaboksi ya manyuali, ambayo ni nyepesi kuliko 75W-90. Vitabu vyao vingi vinaruhusu oili ya injini ya 10W-30 au 10W-40 kwa muda tu, pale MTF isipopatikana. Ukiziwekea EP 90 (oili ya gia yenye dawa za kubeba shinikizo kubwa), namba mbili italia siku ya kwanza. Giaboksi za baadhi ya Isuzu, pikapu na malori madogo, zimeandikiwa oili ya injini. Mercedes-Benz W123 na W124 za manyuali zinakunywa ATF, na BMW za miaka ya 1990 zina stika kwenye giaboksi inayosema kama ni ATF au oili ya gia. Ford Mustang zenye giaboksi ya Borg-Warner T5 World Class nazo ni ATF, kwa sababu ringi zake zina kitambaa maalumu badala ya brasi tupu, na oili nzito inaziharibu. Toyota mpya kadhaa zinataka 75W nyepesi ya GL-4.

Kitabu kikiwa cha Kijapani au kimepotea, tafuta kodi ya giaboksi, yaani herufi na namba za kuitambulisha. Kwenye Toyota iko kwenye bamba ndani ya boneti, mstari wa TRANS/AXLE. Kwa kodi hiyo utapata aina ya oili na ujazo kwa uhakika zaidi kuliko kwa jina la gari, kwa kuwa Hilux mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na giaboksi tofauti.

Dukani

Soma nyuma ya dumu, si mbele tu. Shell Spirax S2 G 80W-90 na Spirax S2 A 80W-90 zimetofautiana kwa herufi moja, ila ya G ni GL-4 na ya A ni GL-5. Kampuni nyingine nazo zina majozi kama hayo. Neno EP peke yake halitoshi, maana GL-4 na GL-5 zote ni EP.

Nunua dumu lililofungwa. Oili ya kupimiwa kutoka pipa inaweza kuwa ya kitu chochote, ikiwemo oili chafu ya injini iliyochujwa. Kagua sili ya kifuniko, namba ya toleo, na kama lebo imebandikwa sawa. Nunua nusu lita zaidi ya ujazo, kuna itakayomwagika. Nunua pia washa mpya mbili za nati, za alumini au shaba kulingana na zilizokuwepo.

Kumwaga na kujaza

Vifaa: soketi ya nati zako (Toyota nyingi za gurudumu la nyuma ni 24 mm), jeki na stendi nne, beseni, pampu ya mkono au sirinji kubwa yenye mpira, matambara, kipande cha karatasi nyeupe.

1. Endesha gari dakika 15 ili oili ipate joto. Oili baridi inabakiza uchafu chini.

2. Inua gari lote liwe tambarare. Ukiinua mbele tu, kiwango utakachojaza kitakuwa cha uongo. Stendi nne, usilale chini ya jeki.

3. Fungua nati ya kujazia kwanza, kabla hujagusa ya kumwagia. Nati ya kujazia ikikataa kufunguka au ikichanika pembe wakati oili imeshamwagwa, gari limekwama hapo. Piga brashi ya waya kuizunguka, weka mafuta ya kupenya usiku mmoja ikiwa imeota kutu.

4. Gari la fowili lina nati nyingi. Transfa, yaani sehemu inayogawa nguvu kwenda mbele na nyuma, ina zake na oili yake. Fuata kwa jicho nyumba ya giaboksi kutoka kengele ya klachi kurudi nyuma, ndipo ufungue.

5. Fungua nati ya kumwagia, acha ichuruzike dakika 15 hadi 20.

6. Paka tone kwenye karatasi nyeupe na uangalie sumaku ya nati. Matope ya kijivu laini kwenye sumaku ni ya kawaida. Oili inayometameta kama rangi ya dhahabu juani ni unga wa brasi kutoka kwenye ringi. Vipande vinavyoshikika kwa kucha ni meno au beringi, na hapo usitumie pesa kwenye oili ya bei kubwa. Rangi ya chai ya maziwa ni maji, jambo la kawaida kwa gari lililopita mafuriko. Harufu ya yai viza ni dawa ya salfa tu, haimaanishi oili imeharibika.

7. Safisha sumaku, weka washa mpya, funga nati ya kumwagia. Kwa Toyota nyingi kukaza ni karibu 37 hadi 39 Nm. Nyumba ni ya alumini, ukikaza kwa bomba refu utachana nyuzi zake.

8. Pampu oili mpya mpaka ianze kutoka tunduni. Subiri dakika tano, ongeza kidogo. Kiwango sahihi ni sawa na mdomo wa tundu, au milimita tano chini yake, unaigusa kwa ncha ya kidole. Mfano wa ujazo: Corolla za giaboksi C50 huchukua takriban lita 1.9, R150F ya Hilux na Prado lita 2.2, Subaru ya fowili lita 3.5. Subaru hupimwa kwa kijiti, si kwa tundu. Ikiwa umemwaga lita 2.2 na zimeingia 1.5 tu kabla ya kufurika, gari halijakaa tambarare.

9. Funga nati ya kujazia, futa kila kitu, endesha dakika kumi, rudi uchungulie kama inavuja.

Kujaza kupita kiasi nako ni kosa. Oili inapigwa povu, inapata joto, na inatafuta njia kwenye sili.

Oili iliyotoka iweke kwenye dumu. Wanunuzi wapo, na ardhi ya uani si mahali pake.

Baada ya kubadilisha

Ikiwa tatizo lilikuwa uzito, utasikia nafuu asubuhi ya kwanza. Ikiwa lilikuwa GL-5 kwenye giaboksi ya GL-4, subiri. Masalia ya dawa za zamani yamo kwenye ringi na kwenye mabaki ya oili yasiyotoka, ambayo kwa baadhi ya giaboksi ni zaidi ya robo lita. Endesha kilomita 500 kabla ya kuhukumu. Kelele zikipungua nusu, mwaga tena baada ya kilomita 2,000 na uweke oili ileile; mara hii ya pili inamalizia kusafisha.

Katika kipindi hicho mwendeshaji anachangia. Kutoka moja kwenda mbili, pumzisha mkono nyutro kwa nusu sekunde, kisha endelea. Usilazimishe. Namba moja iingizwe gari likiwa limesimama. Usiendeshe huku mkono umelala juu ya mkono wa gia, uzito huo unasukuma slivu na kula uma wake.

Oili nzuri ya gia hudumu. Kwa gari la mzigo, vumbi na milima, kilomita 40,000 ni kipimo cha kuaminika. Anayepita kwenye maji ya kuzama ekseli abadilishe mara tu baada ya msimu wa masika.

Gia moja ikiendelea kulia baada ya klachi kuthibitishwa na oili sahihi kukaa, giaboksi ishuke. Mwambie fundi apime nafasi kati ya ringi na gia kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), ringi ikiwa imebanwa kwenye koni. Ringi mpya ya Toyota ina karibu milimita 1 hadi 2. Ikishuka chini ya 0.8, au 0.6 kwa giaboksi nyingine, imekwisha. Aangalie pia ncha za meno ya slivu na meno ya pembeni mwa gia: yakiwa yameviringika badala ya kuchongoka, ringi mpya peke yake italia tena ndani ya miezi michache. Slivu, habu (kitovu ambacho slivu hutelezea juu yake) na ringi vinunuliwe kwa pamoja, na giaboksi ikiwa chini, klachi pleti na beringi yake zikaguliwe kabla ya kupandisha.